Watani wa Jiji Moja

Msomaji, mtu akitaka kujua kwamba timu za Gor Mahia na AFC Leopards zakutana leo hana haja ya kununua gazeti. Na asimame tu asubuhi ya Jumapili kando ya Barabara ya Waiyaki, pale watu wa Kangemi wanaposhuka kwenda mjini. Atawaona vijana waliovaa kijani na vijana waliovaa buluu, wengine kwa miguu, wengine wamejazana katika matatu, wakipuliza vuvuzela na kuimbiana nyimbo za kejeli. Watu wa Kawangware watakuja kwa Barabara ya Ngong. Watu wa Kibera watapita Mbagathi. Na wote watakutana katikati ya jiji, au langoni pa Uwanja wa Nyayo. Mgeni akiwatazama atasema, "Hawa ni maadui." Mwenyeji atamcheka, maana ajua ya kuwa jioni wengi wao watarudi kwa njia moja, watalala katika ploti moja, na pengine watakula chungu kimoja.

Mchezo huu siku hizi huitwa dabi ya mashemeji. Sababu ya jina hilo ni kwamba timu moja ilianzishwa na Wajaluo na ya pili ilianzishwa na Waluhya, nao ni majirani wa magharibi ya Kenya ambao wameoana tangu zamani. Lakini lipo neno la Kiswahili lililo la zamani kuliko hilo, nalo ni utani. Katika makabila mengi ya Tanganyika mtani alikuwa na ruhusa ya kukucheka, kukutukana kwa mzaha, hata kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe usikasirike. Lakini mtani huyo huyo alikuwa na wajibu: ukifiwa, yeye ndiye aliyekuja kusaidia kuzika. Mzaha bila wajibu haukuwa utani. Ulikuwa ufidhuli tu.

Nataka tuitazame historia ya timu hizi mbili kwa kipimo hicho cha utani. Maana watu wengi hudhani kwamba ushindani wao ni ugomvi wa kale wa makabila, uliobebwa kutoka vijijini ukaletwa Nairobi kama mzigo juu ya basi. Historia haisemi hivyo. Ushindani huu ulizaliwa mjini, na watu wa mjini ndio waliouzaa. Kwa kuwa wao ndio wazazi wake, ni juu yao pia kuulea vizuri au kuuharibu.

Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899, reli ilipofika mahali hapa ikitoka Mombasa. Katika siku za ukoloni Mwafrika alipokelewa mjini kama mtu wa kazi, wala si kama mwenyeji. Alitazamiwa afanye kazi yake, kisha arudi kwao. Mtu wa namna hiyo, asiye na mke wala wazazi karibu naye, atamtegemea nani akiugua? Na akifa, nani atalipa gharama ya kuupeleka mwili wake nyumbani? Alimtegemea mtu wa kwao aliyetangulia kuja. Ndipo vikaundwa vyama vya watu wa kwao: vya kuchangiana fedha, vya kuwapokea wageni, vya kuzikana, na vya kucheza mpira siku ya mapumziko.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba vyama hivyo vya mwanzo havikuwa vya makabila makubwa kama tunavyoyataja leo. Watu waliotoka Kavirondo ya Kaskazini hawakuja Nairobi wakijiita Waluhya. Walikuja wakiwa Wamaragoli, Wabunyore, Wamarama, Wasamia, Watiriki na wengineo, na kila kundi lilikuwa na timu yake. Jina la Abaluhya lenyewe ni changa. Lilienea katika miaka ya 1930 na 1940, watu waliosoma walipotafuta jina moja la kuwakusanya ndugu waliotengana. Basi timu ya Wamaragoli ilipocheza na timu ya Wabunyore, kelele zilikuwa kubwa, ingawa leo wote wawili wangeketi upande mmoja wa uwanja.

Kenya ilipata uhuru mwezi wa Desemba 1963, na mwaka huo huo ligi ya taifa ilianzishwa. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars; mwaka 1964 kikombe kilichukuliwa na Luo Union, na mwaka 1965 kilikwenda Mombasa kwa Feisal. Waluhya waliona ya kuwa timu nyingi ndogo haziwezi kushindana na timu kubwa. Mwaka 1964 wakaziunganisha timu zao, ikazaliwa Abaluhya. Lilikuwa jambo zito kuliko linavyoonekana, maana vijana waliokuwa wakichekana Jumapili moja waliambiwa Jumapili ya pili wavae jezi moja. Umoja huo ulizaa matunda upesi: Abaluhya ikawa bingwa wa Kenya mwaka 1966, na tena mwaka 1967.

Hata mwezi wa Februari 1968, Wajaluo wa Nairobi nao wakafanya vivyo hivyo. Timu za Luo United na Luo Stars ziliunganishwa, na timu mpya ikapewa jina la Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa katika Nyanza ya Kusini, ambaye habari za miujiza yake husimuliwa mpaka leo. Yasemwa alikuwa na uwezo wa kujigeuza umbo mbele ya adui zake. Timu iliyochukua jina lake haikuchelewa kuwastaajabisha watu: katika mwaka wake wa kwanza, 1968, iliutwaa ubingwa wa Kenya kutoka mikononi mwa Abaluhya. Ndipo ushindani ulipoanza. Bingwa wa miaka miwili alikuwa amevuliwa taji na mtoto aliyezaliwa juzi.

Labda utauliza: je, haya si mambo ya kabila tu? Ni kweli kwamba kabila lilikuwamo; kulificha jambo hilo ni kuidanganya historia. Lakini fikiri kidogo. Gor Mahia ilipozaliwa, Luo Union haikufa. Iliendelea kucheza, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 1975, na mwaka 1976 na 1977 ikashinda kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati. Kama kabila peke yake lingetosha kuifanya timu, kwa nini Wajaluo walikuwa na timu mbili kubwa zilizokamiana? Na kama ugomvi ungekuwa wa kale, kwa nini haukuonekana kabla ya mwaka 1968? Jibu ni kwamba watu walizipenda timu hizi kwa sababu ziliwapa katika mji wa ugenini kitu walichoweza kukiita chetu.

Kitu hicho kilienezwa na redio. Katika miaka ya 1960 watu waliokuwa na televisheni walikuwa wachache sana, na viti vya uwanja wa Jogoo Road havikuwatosha wote. Lakini redio moja yaweza kusikilizwa na ploti nzima. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela aliutangaza mpira kwa Kiswahili cha kasi na cha kupendeza, na maneno yake "Kadenge na mpira" yakawa msemo wa nchi nzima. Kadenge huyo alikuwa Joe Kadenge, mshambuliaji wa Abaluhya na wa timu ya taifa, ambaye ufundi wake ulisifiwa hata na wale waliomwogopa. Alipofariki mwaka 2019, uwanja ule wa Jogoo Road alikocheza ulipewa jina lake.

Wakati huo huo jiji lilikuwa likipanuka upande wa magharibi. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilisogezwa, na sehemu za Dagoretti, Kawangware na Kangemi, zilizokuwa mashamba, zikaingizwa jijini. Nyumba za kupanga zikajengwa kwa wingi, za mbao na za mabati, na watu wa magharibi ya Kenya wakahamia huko kwa maelfu. Kibera, iliyoanza kama makao ya askari Wanubi, nayo ikajaa wapangaji. Mpangaji hachagui jirani. Mjaluo akapata chumba mlango kwa mlango na Mluhya. Maji wakateka pamoja, watoto wakaenda shule moja, na baada ya miaka michache posa zikaanza kupelekwa. Basi kadiri ushindani ulivyozidi kukua uwanjani, ndivyo ujamaa ulivyozidi kukua plotini.

Ilipofika mwaka 1980 Serikali ya Rais Daniel arap Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe na timu ziache majina ya makabila. Luo Union ikawa Re-Union. Abaluhya ilizihifadhi herufi zake AFC, lakini ikazipa maana mpya ya shirikisho la wanasoka wote, ikaongeza jina la Leopards, yaani chui, ambaye Waluhya humwita Ingwe. Wako waliodhani kwamba majina yakibadilika mapenzi yatapoa. Hayakupoa hata kidogo. Na jina jipya la Leopards likawa kweli kuliko la kwanza, maana wachezaji wake hawakuwa Waluhya peke yao. Mlinda lango Mahmoud Abbas, mathalani, alikuwa mtu wa Mombasa.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya neema. Tazama hesabu hii. Kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati lilichukuliwa na Abaluhya mwaka 1979. Na Gor Mahia mwaka 1980 na 1981. Na Leopards mwaka 1982, 1983 na 1984. Na Gor Mahia tena mwaka 1985. Kwa miaka 7 mfululizo kombe hilo halikutoka mikononi mwa timu hizi mbili za Nairobi, na mwaka 1984 na 1985 zilikutana zenyewe kwa zenyewe katika fainali, kila moja ikashinda mara moja. Mwaka 1987 Gor Mahia ilikwenda mbali zaidi. Katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika ilitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Espérance huko Tunis, kisha sare ya bao 1 kwa 1 katika uwanja mpya wa Kasarani, ikashinda kwa sababu ya mabao ya ugenini. Hakuna timu nyingine ya Kenya iliyopata kulitwaa kombe la bara zima.

Je, neema hii ilitoka wapi? Vipaji vilikuwapo, na makocha wazuri pia. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kila timu ilikuwa na jirani asiyeiacha ilale. Kisu hakinolewi kwa pamba. Gor Mahia ilijua kwamba ikizembea wiki moja Leopards itaipita, na Leopards ilijua vivyo hivyo. Tena wachezaji wa timu hizi walipovaa jezi ya Kenya walicheza pamoja kama ndugu, na kwa nguvu yao taifa likashinda Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983.

Sasa tutazame upande wa pili wa hesabu. Katika miaka ya 1990 fedha zilipungua, na magomvi ya uongozi yakaongezeka. Gor Mahia ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1995, kisha ikangoja miaka 18, mpaka mwaka 2013. Leopards iliuchukua mwaka 1998, na tangu hapo haijaupata tena hadi ninapoandika sahifa hizi. Timu hiyo iliyokuwa imetisha Afrika ya Mashariki yote ilishuka hata daraja, ikarudi katika ligi kuu mwaka 2009. Wakati Ingwe haikuwapo, mashabiki wa Gor Mahia wangeweza kufurahi, maana adui ameondoka. Hawakufurahi. Viwanja vilikuwa kimya, na ushindi juu ya timu nyingine haukuwa na utamu. Ndipo wakafahamu kwamba mtani akikosekana hata mzaha hufa.

Leopards iliporudi, watu walirudi nayo kwa wingi mno. Hapa nafika katika habari nzito kuliko zote. Siku ya Jumamosi, tarehe 23 Oktoba 1910 na miaka 100 juu yake, yaani mwaka 2010, timu hizi zilikutana katika Uwanja wa Nyayo. Umati ulisongamana langoni, watu wakasukumana wapate kuingia, na waliokuwa mbele wakaanguka wakakanyagwa. Watu 7 walikufa. Walikuwa wametoka nyumbani asubuhi kwenda kutazama mchezo.

Niruhusu nikueleze jinsi siku hiyo ilivyokuwa kwetu. Mimi ni mtoto wa mashemeji hasa: baba yangu ni mtu wa Siaya na mama yangu ni mtu wa Butere, na tulikaa Kangemi, ndugu wa mama akiwa amepanga chumba cha pili. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nami nilikuwa nimekuja nyumbani. Mjomba alikuwa wa Leopards, na baba alikuwa wa Gor Mahia. Asubuhi ile walikuwa wamechekana sana, na mjomba alipotoka baba alimwambia asisahau kubeba leso ya kulilia. Jioni habari za vifo zikaja kwa redio. Simu ya mjomba ilipigwa mara nyingi, haikushika. Baba alikuwa bado amevaa jezi yake ya kijani. Alitwaa koti akalivaa juu yake, akatoka bila kusema neno, akaenda kusimama kituoni.

Alisimama huko zaidi ya saa tatu, akiitazama kila matatu iliyotoka mjini. Mwishowe mjomba alishuka, nguo zimechanika, na mguu mmoja hauna kiatu. Nilikuwa nimemfuata baba, kwa hiyo niliwasikia. Baba hakumwuliza mabao. Alimwuliza, "Shemeji, umekula?" Mjomba akajibu, "Nimefika, shemeji." Wakashikana mikono wakaja nyumbani. Matokeo ya mchezo siyaandiki hapa, maana usiku ule nyumbani kwetu hakuna aliyeyauliza.

Hayo hayakupata Nairobi peke yake. Katika mji wa Glasgow huko Uskoti zimo timu mbili, Rangers na Celtic, ambazo ushindani wao una umri wa zaidi ya miaka 100, na umechanganyika na tofauti za dini. Tarehe 2 Januari 1971, zilipomaliza kucheza katika uwanja wa Ibrox, watu walisongamana katika ngazi za kutokea, na watu 66 wakafa. Kifo hakikuuliza dini ya mtu huko, wala hakikuuliza kabila la mtu Nyayo. Mahali palipo na umati, kila mmoja hushika pumzi ya mwenzake mkononi mwake.

Ningefurahi kukuambia kwamba baada ya msiba ule watu wote walijifunza. Sivyo. Mwezi wa Machi 2012, katika uwanja ule ule na katika mchezo wa timu zile zile, kadi nyekundu moja ilizusha ghasia. Mawe na viti vikarushwa, na mchezo ukasimama. Waliorusha walisema wanaipenda timu yao. Lakini mtu apendaye timu yake apenda pia siku ya mchezo, na siku ya mchezo haiwezi kuwako bila timu ya pili. Anayempiga mtani wake jiwe avunja nyumba ambayo yeye mwenyewe analala ndani yake.

Basi, msomaji kijana, historia hii inatufundisha nini? Yatufundisha kwamba mambo tunayoyaita ya kale mara nyingi si ya kale. Abaluhya ilizaliwa 1964, Gor Mahia 1968. Wapo wazee waliokuwapo siku hizo nao wangali hai. Watu waliowahi kuziunganisha timu ndogo zilizochekana zikawa timu moja walitupa ushahidi kwamba mipaka baina ya wetu na wao huwekwa na watu, na watu waweza kuisogeza. Mtu akikuambia kwamba kuchukia jirani yako ni desturi ya wazee wako, mwulize desturi hiyo ilianza mwaka gani.

Siku moja nawe utakwenda Nyayo au Kasarani, umevaa kijani au buluu. Nenda, ukaimbe mpaka sauti ikauke. Mcheke jirani yako akifungwa, nawe ukubali kuchekwa ukifungwa wewe. Hiyo ni haki ya mtani. Lakini langoni usisukume, na mtu akianguka mbele yako usitazame kwanza rangi ya jezi yake, mwinue. Huo ni wajibu wa mtani. Na jioni, ukifika nyumbani salama, tazama kama mwenzako wa upande wa pili amefika. Akiwa bado hajafika, vaa koti lako ukamngoje kituoni.